HOMA YA INI NA KOO ZAKE
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kambi



Wengi wenu mnakwenda Jinja na Mbale kutafuta kibarua, kuuza nguo au kupeleka mgonjwa hospitali ya rufaa. Njiani mnasikia maneno: kwamba ugonjwa wa ini ni wa watu wa kaskazini, ni wa Wasudani, umeletwa na Wakongo, usile nao sahani moja. Leo tuzungumze juu ya maneno hayo.

Kwanza tutenganishe magonjwa. Mtu akigeuka macho ya manjano, wengine husema ni nyongo, wengine husema homa ya manjano. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, huletwa na mbu. Homa ya ini huletwa na virusi vitano: A, B, C, D na E. Havina undugu, vinafanana kwa sababu vyote hushambulia ini. A na E huingia kwa kinywa, kwa maji au chakula kilichoguswa na uchafu wa choo. B, C na D hupita kwa damu. B hupita pia kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo kula sahani moja na mwenye B hakukupi ugonjwa.

Sasa tuje kwenye koo. Wataalamu wakisoma chembe za urithi za kirusi B wanakuta koo mbalimbali, nazo wamezipa herufi. Hapa Uganda ukoo mkubwa ni A (herufi tu, usiuchanganye na kirusi A). Kuelekea Sudan na Afrika ya Kaskazini ni D. Kongo na Afrika ya Magharibi ni E. Tawi la Afrika la ukoo A limekutwa hadi Brazil na India, na wataalamu wengi wanaona lilisafiri na watu waliouzwa utumwani. Kirusi hufuata njia za watu: biashara, vita, ndoa, kukimbia.

Mwaka 2005 Uganda ilipima watu wazima nchi nzima. Karibu 10 katika kila 100 walikuwa na kirusi B. Kaskazini mashariki walikuwa karibu 24, kusini magharibi karibu 4. Hesabu kama hizi hugeuzwa matusi upesi. Lakini hata penye 4, hao 4 huwezi kuwatambua kwa sura wala kwa lugha. Wengi wao hawajisikii wagonjwa. Na chanjo ni ileile kwa koo zote za B. Muuguzi hana haja ya kukuuliza umetoka wapi.

Mjue pia jambo la Mbale. Kila mwaka wa namba shufwa, kama 2022 na 2024, Wamasaaba hutahiri vijana katika imbalu. Hatusemi mila iachwe. Tunasema kila kijana awe na kisu chake, kwa sababu kirusi B huweza kuishi siku 7 kwenye damu iliyokauka. Hali ni hiyohiyo kwa wembe wa kinyozi na sindano ya mtu anayetibu mitaani. Misri iliwahi kutibu watu kichocho kwa sindano zilizorudiwa bila kuchemshwa vizuri, na kirusi C kikaenea kwa mamilioni. Siku hizi C ina vidonge vinavyoponya, vya koo zote.

Kwa sisi wa kambi, E ndiyo ya kuogopa zaidi. Ilianza Madi Opei, wilaya ya Kitgum, mwaka 2007, katika kambi za waliohamishwa na vita. Kufikia katikati ya 2009 walikuwa wameugua watu zaidi ya 10,000 na kufa 160. Maji yalikuwa machache, vyoo vichache. Mwaka 2012 ikapiga Maban, Sudan Kusini, na Dadaab, Kenya. Mama mwenye mimba kubwa ndiye huathirika vibaya kuliko wote. Basi ukiwa Jinja usidanganyike na upana wa Nile: maji ya mto au ya ziwani yachemshwe kama ya kisima kisichofunikwa. Chombo cha maji kiwe na mdomo mwembamba, mikono isiingie ndani.

Watoto wa Uganda wanapata chanjo ya B tangu 2002, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wewe uliyezaliwa kabla, au katika nchi nyingine, omba upimwe kwanza; ukikutwa huna, kuna dozi 3: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Ukikutwa unacho, usikimbilie mizizi, maana mingine huliumiza ini. Kuna vidonge vya kila siku kwa wanaovihitaji.

Mama mjamzito, kliniki ikikupima ukakutwa na B, mwambie mkunga mapema, mbele ya mume au peke yako, utakavyo. Mtoto wako anatakiwa kuchanjwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.