Nyumba za Ibada Zilizobaki Magofu
(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wenyeji wa Karagita, Naivasha)



Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba za ibada za kale ambazo sasa ni magofu. Najua wengi wenu mmejenga au mwakusudia kujenga, na mwenye kujenga huhangaishwa sana na habari ya paa. Basi nami nitaanza na paa.

Huko Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, iko nyumba ya watawa iitwayo Fountains Abbey, iliyoanzishwa mwaka 1132 katika bonde la mto Skell. Watawa wale walijenga kanisa, na kusini yake ua wa mraba. Kuuzunguka ua huo waliweka chumba cha mashauri, chumba cha kulia, na ghala lenye urefu wa futi 300 hivi, ambalo dari yake ya matao ingali imesimama. Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa, zamu ya Fountains ilifika mwaka 1539. Madini ya risasi yaliyofunika paa yalibanduliwa yakayeyushwa, na mvua ikafanya kazi iliyobaki. Karibu na mwaka 1600 tajiri mmoja alijijengea jumba papo hapo, na mawe mengi aliyatoa katika magofu.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Karibu na Malindi, ndani ya msitu, uko mji wa Gedi, uliokwisha kuhamwa katika karne ya 17. Kaburi moja la hapo limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Bwana James Kirkman alichimba na kusafisha mahali hapo toka mwaka 1948 hata 1958, na kwa kazi yake twaweza kuuona Msikiti Mkuu jinsi ulivyopangwa.

Waashi wa Gedi walitumia mawe ya pwani ya namna mbili. Kuta walizijenga kwa mawe magumu ya mwambani. Mihrabu na mizingo ya milango waliichonga kwa matumbawe yaliyokatwa baharini, maana yakiwa mabichi ni laini, na yakikauka huwa magumu. Chokaa waliipata kwa kuyachoma mawe hayo hayo juu ya rundo la kuni. Paa lilikuwa bapa: boriti za mikoko, juu yake mawe madogo na chokaa, vikapondwa mpaka vikashikana.

Sasa, boriti ya mkoko ina urefu wake, na hakuna fundi awezaye kuirefusha. Kwa hiyo vyumba vya pwani vilikuwa vyembamba, na msikiti ukitaka upana hauna budi kuwa na nguzo. Msikiti Mkuu wa Gedi una safu tatu za nguzo, na safu ya kati imeelekea mihrabu yenyewe. Aliyekaa nyuma katikati aliona nguzo tu! Mimi siwalaumu waashi wale. Mti ndio ulioamua. Kule Kilwa Kisiwani, Tanzania, msikiti mkuu ulipopanuliwa katika karne ya 14, mafundi walithubutu kujenga kuba na matao ya mawe, na sehemu ya paa la namna hiyo ingaliko mpaka leo. Boriti za Gedi zilioza, paa likaanguka.

Mvua na mchwa si wezi peke yao. Kuta za Gedi zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka Uchina, na watu walizibandua wakaenda nazo. Serikali iliwekea magofu hayo ulinzi tangu miaka ya 1920, na mwaka 2024 yalitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Bakuli zilizochukuliwa zimeacha mashimo ya duara katika chokaa.

Nasi wa Bonde la Ufa tunayo mawe yetu. Pale Hyrax Hill, Nakuru, Bibi Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 akafunua makaburi na kuta za mawe za watu wa kale. Hayo yamehifadhiwa. Lakini yako mengine mashambani yasiyo na mlinzi, mistari ya mawe ambayo mpita njia hudhani ni takataka za shamba.

Nilipokuwa kijana, palikuwa na mstari kama huo nyuma ya nyumba yetu, umepinda kama upinde. Baba alihitaji msingi wa jiko, nami na ndugu zangu tuliyabeba mawe yote kwa siku mbili, tukasifiwa sana. Jiko lingali limesimama. Mwaka jana mgeni mmoja msomi aliniuliza ule mstari ulianzia wapi na kuishia wapi, nikatembea shambani asubuhi nzima nisiweze kumwonyesha.