BARUA YA "NIMEACHA MWENYEWE" USIISAINI!
Mazungumzo na vijana wa Sumbawanga kuhusu fao la upotevu wa ajira na madai ya "ulizidishiwa, rudisha"



Leo sitahutubia habari za uchaguzi. Nataka tuzungumze mambo ya mfukoni. Ukifukuzwa kazi unadai nini, kwa nani, na ukiletewa karatasi inayosema umelipwa zaidi urudishe, ufanye nini? Wengi wetu tunaijua kazi ya kuchimba mtaro na kubeba zege. Karatasi tunaiachia mwajiri, na hapo ndipo tunapoliwa.

Tuanze na historia, maana kabwela asiyejua alikotoka hudanganywa kirahisi. Serikali ilianzisha Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, mwaka 1964. Sheria Namba 28 ya mwaka 1997 ikaugeuza kuwa NSSF. Miaka yote hiyo mfanyakazi aliyeachishwa alikuwa na njia moja, kuchukua michango yake na kuondoka. Ndilo lililoitwa fao la kujitoa. Mwaka 2012 Bunge likapitisha marekebisho ya kulifuta, wafanyakazi wa migodini wakacharuka, na nchi nzima ikasikia. Mwaka 2018 ikaja sheria iliyounganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi, na badala ya kujitoa tukaletewa fao la upotevu wa ajira. Uingereza walikuwa na bima ya namna hii tangu sheria yao ya mwaka 1911. Sisi tuliingojea zaidi ya miaka mia moja, na ilipofika imekuja na masharti yake.

Masharti yenyewe yasikieni vizuri. Uwe umechangia miezi isiyopungua 18. Uwe hujafikisha miaka 55. Uwe hukuacha kazi kwa hiari yako, na uwe hujapata kazi nyingine. Ukitimiza, kiwango ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa mwezi, kwa miezi sita tu. Mwenye michango chini ya miezi 18 hupewa nusu ya michango yake. Kanuni pia zimewagawa wachangiaji katika makundi, kwa hiyo ukiambiwa kiasi chochote uliza umewekwa kundi gani na kwa kifungu kipi.

Tupige hesabu ya kijiweni. Mshahara ni shilingi 300,000. Mchango ni asilimia 20, yaani 60,000 kila mwezi, na wewe unaweza kukatwa hadi nusu yake. Kwa miezi 18 imeingia 1,080,000. Fao ni 99,900 kwa mwezi, na kwa miezi sita 599,400. Sasa mtu anayekulipa 599,400 huku ameshika 1,080,000 zilizotoka kwenye jasho lako, anakufanyia hisani? Hapana! Ukienda dirishani usiende kama ombaomba. Unafuata haki uliyokwisha kuilipia.

MTEGO WA KWANZA: HIARI

Rudieni sharti lile la tatu, hukuacha kwa hiari. Mwajiri mjanja analijua kuliko wewe. Mradi wa barabara unakwisha, au mhasibu anataka kupunguza watu, unaitwa ofisini. "Kijana, andika barua ya kuacha kazi, tukupe na nauli." Unaandika. Nauli ya Tunduma unapewa, na fao limekufa hapo hapo, kwa sababu mkono wako umeandika kwamba umeondoka kwa hiari.

Usiisaini, ndugu yangu! Mwambie akupe yeye barua ya kukuachisha, yenye sababu na tarehe. Kama alikutesa mpaka kazi ikawa haivumiliki ukaondoka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 inahesabu kwamba yeye ndiye aliyekuachisha. Lakini hilo itabidi ulithibitishe, na kuthibitisha ni kazi ngumu kuliko kukataa kusaini.

Wa kuamua ugomvi huo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Unajaza Fomu Namba 1, nakala unampelekea mwajiri, nyingine unaiwasilisha Tume. Kupinga kuachishwa una siku 30 tangu siku ulipoachishwa, madai mengine siku 60. Jamani, siku 30 si nyingi! Ukikaa kijiweni wiki tano ukilaani, utaanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa kabla hujasikilizwa. Mjue pia kwamba kinga ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyekaa kazini chini ya miezi sita, na ndiyo maana kuna mabosi wanaobadilisha vibarua kabla ya mwezi wa sita.

MTEGO WA PILI: MICHANGO ISIYOFIKA

Mwingine amefanya kazi miaka miwili, kila mwezi anakatwa, na karatasi ya mshahara inaonyesha. Akifika kwenye mfuko anaambiwa ana miezi tisa. Miezi mingine iko wapi? Mwajiri amekata akatia mfukoni. Huo ni wizi, na sheria inamtaka awasilishe mchango ndani ya mwezi mmodi baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Kumbana ni kazi ya mfuko. Serikali inayojua kumkimbiza muuza nyanya wa sokoni kwa ushuru ishindwe vipi kumkimbiza mkandarasi mwenye magreda?

Kwa hiyo usingoje kufukuzwa. Omba taarifa ya michango yako ungali kazini. Karatasi za mshahara zitunze. Mkataba utunze. Jina na tarehe ya kuzaliwa viwe sawa kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye mfuko, maana herufi moja tu itakupigisha danadana miezi mitatu.

MTEGO WA TATU: "ULIZIDISHIWA, RUDISHA"

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana nitasema na lisilowapendeza. Fao ni la mtu asiye na kazi. Ukipata kazi mwezi wa tatu, toa taarifa mwezi huo huo. Usiseme hawatajua. Mwajiri mpya akianza kukuchangia, namba yako ni ile ile, itaonekana. Fedha ya mwezi uliokuwa kazini si yako, na ukiila itakuja kudaiwa.

Lakini barua ya madai nayo haijawa hukumu. Idai hesabu kwa maandishi, miezi ipi, kiasi gani kila mwezi, na kwa ushahidi upi. Huko Australia, kuanzia mwaka 2015, serikali iliipa kompyuta kazi hiyo. Ikachukua pato la mtu la mwaka mzima, ikaligawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kana kwamba kibarua hupata kazi kila siku, kisha ikatuma barua za madeni kwa maelfu ya walalahoi. Mwaka 2019 serikali yenyewe ilikubali mahakamani kwamba deni lililokokotolewa hivyo halikuwa halali, na mwaka 2023 tume ya uchunguzi ikaulaani mpango mzima. Kama wenye mitambo yao walikosea, karani wa kwetu ni malaika?

Mwajiri naye ana mipaka. Sheria hiyo ya 2004 hairuhusu akurudishishe mshahara, isipokuwa alikosea hesabu akakuzidishia kweli. Akikukata kwa hasara au kifaa kilichoharibika, lazima kuwe na utaratibu wa haki na maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Wala asikusainishe kwamba umepokea zaidi ya ulichopokea.

Mkumbuke pia Aprili 2017, watumishi 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini. Kughushi ni kosa, sitetei. Lakini michango waliyokatwa kwa jasho ilikaliwa miaka mitano, hadi serikali ilipokubali kuirudisha kuanzia Novemba 2022, tena ile sehemu ya mfanyakazi tu. Kama hata hao walirudishiwa chao, wewe uliyefukuzwa bila kosa unaogopa nini kuuliza?

Wazee wetu hufafanua jina la mji huu kuwa "tupa uchawi". Uchawi wa siku hizi ni karatasi yenye mhuri ambayo kijana anaogopa kuisoma. Tuutupe.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Peleka pingamizi kwa meneja wa mkoa, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Akikaa kimya panda makao makuu, kisha wizara inayoshughulika na kazi. Ukiona unazungushwa bila sababu, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Akikuomba "chai" mtu yeyote njiani, andika jina lake na tarehe.

Wengi wenu hapa mnaendesha bodaboda, mnauza mitumba, mnapakia mahindi msimu ukifika. Hamna mwajiri, hamna mkataba, na fao hili haliwagusi kabisa. Hilo ndilo deni kubwa ambalo chama kinachotawala hakijalipa, na tutaendelea kulidai majukwaani. Ila wewe mwenye mkataba, hata wa miezi saba, nenda kesho uulize miezi mingapi imefika kwenye mfuko. Uulize ungali na kazi.