Kitabu Safi, Gari Lililozama
(Maongezi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niongee juu ya kununua gari lililotumika, kwa maana nasikia vikundi vitatu hapa vinaweka pesa za pikapu. Mimi si fundi. Mimi ni mhazini wa kikundi kilichopata hasara, kwa hivyo nisikilizeni.

Mnakumbuka mvua ya mwaka wa 2024. Mwezi wa Aprili na Mei mafuriko yaliingia Nairobi na Athi River, na magari mengi yakazama. Mwezi wa Agosti sisi tukanunua pikapu Nairobi kwa shilingi 640,000, pesa ya maziwa ya miaka mitatu. Ilikuwa inang'aa! Tukakagua kitabu cha gari: jina la mwenyewe sawa, namba ya chesisi sawa, namba ya injini sawa, hakuna deni la benki. Tukamshukuru Mungu, tukalipa.

Kufika Novemba taa zikawa zinawaka zenyewe, halafu asubuhi haistati. Fundi akang'oa zulia. Chini yake kulikuwa na matope makavu, na nyaya zimeota kutu ya kijani.

Kosa letu ni hili: tulidhani kitabu kinasema kila kitu. Kitabu kinasema gari ni la nani. Hakisemi limepitia nini. Kule Marekani, majimbo mengi hupiga alama kwenye hati ya gari lililoharibiwa na mafuriko. Hata huko wajanja wapo. Baada ya tufani ya Katrina mwaka wa 2005, magari mengine yalihamishwa jimbo hadi jimbo ili yapate hati isiyo na alama. Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, karatasi ya mnada huonyesha kama gari lilizama. Gari likiwa limeingia nchini juzi, itisha karatasi hiyo. Lakini likizama hapa kwetu, kitabu kinaweza kubaki vile vile.

Basi tumieni macho na pua. Inua zulia, usione haya. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, maana wao huosha kipande cha juu tu. Matope hubaki kule ndani. Angalia boliti za viti kama zina kutu. Angalia mvuke ndani ya vioo vya taa. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Gari kuukuu lenye zulia jipya, jiulize kwa nini. Manukato mengi ndani ya gari, pia jiulize. Na mwende na fundi wenu, si yule anayeletwa na muuzaji.

Mama mmoja ameniuliza, gari likikauka si limepona? Hapana, mama. Kutu hufanya kazi polepole ndani ya nyaya na breki, na maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Ndiyo sababu bei huanguka hata kama leo linakwenda vizuri.

Bima nayo. Ile ndogo ya kulipia watu wengine haitakulipa gari lako likizama. Ile kubwa, someni kama mafuriko yameandikwa. Na mkiwa mmepatwa, msiwashe injini! Maji yakiwa ndani ya silinda hayashindiliki, na mkono wa pistoni hupinda. Toa waya wa betri, vuta gari kwa fundi.

Kwenye makubaliano, muuzaji aandike kwamba gari halijawahi kuzama, atie sahihi mbele ya mashahidi. Akikataa, rudini nyumbani na pesa yenu. Sisi hatukuandika, na wakili alituambia kesi yetu ni ngumu.

Tulipotaka kuiuza, wengine wetu walisema tuioshe, tunyamaze. Mkutano ule ulikuwa mkali, jamani. Nusura kikundi kivunjike. Mwishowe tulimwonyesha mnunuzi yale matope. Alikuwa fundi anayetafuta vipuri, akatupa shilingi 270,000, na tukaandika kwamba ilizama.

Maziwa sasa tunabeba kwa punda wawili na pikipiki ya kukodi. Akiba ya pikapu nyingine imefika shilingi 365,000.