Uzi Unaoyeyuka na Dawa ya Saratani: Tunapima Nini Katika Chembe Nano za Polima?



Naomba nianze na kitu ambacho wauguzi wengi wa chumba cha upasuaji wamekishika: uzi wa Vicryl. Daktari anashona nyama za ndani, anafunga jeraha, na hakuna anayerudi kuutoa uzi ule. Unalegea siku hadi siku, na baada ya miezi miwili hivi umekwisha. Uliingia sokoni mwaka 1974, nao umesukwa kwa polima ya asidi mbili, ya laktiki na ya glaikoliki. Maji ya mwilini huikata polima hiyo kiungo kimoja kimoja, na asidi zinazotoka si ngeni mwilini. Ile ya laktiki misuli ya mkimbiaji huizalisha yenyewe. Seli huzichoma, zikatoka kama maji na hewa ukaa.

Badilisha uwiano wa asidi hizo mbili, halafu badala ya kusuka uzi tengeneza vidonge vya upana wa nanomita 100 au 200, na tumboni mwa kila kimoja weka dawa ya saratani. Hizo ndizo chembe nano, mada yetu. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, kwa hiyo vidonge hivyo hupita popote damu inapopita.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Mfano mzuri ni paklitakseli. Dawa hii haiyeyuki katika maji, kwa hiyo kwa miaka mingi imebebwa na Cremophor EL, kimiminika kinachotokana na mafuta ya nyonyo, pamoja na alkoholi. Kibebeo hicho ndicho kinacholaumiwa sana kwa mzio mkali unaoweza kumpata mgonjwa dripu ikiwa bado inatiririka. Ndiyo maana kabla ya dripu anachomwa steroidi na dawa za mzio. Hata mpira wa dripu lazima uchaguliwe, kwa sababu kimiminika hicho hufyonza kemikali kutoka katika plastiki ya PVC. Mgonjwa anakingwa dhidi ya gari zaidi ya abiria!

Wala si habari za mbali. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020, lililowahusisha wagonjwa wa Kenya na Uganda miongoni mwa nchi nyingine, lilionyesha kuwa paklitakseli pamoja na dawa za kufubaza VVU iliwasaidia wenye saratani ya Kaposi iliyokithiri kuliko matibabu mawili yaliyolinganishwa nayo. Dawa tunaihitaji, gari lake ndilo tatizo.

Kwenye meza ya maabara, kazi yenyewe ni rahisi kuliko jina lake. Polima na dawa huyeyushwa pamoja katika dikloromethani, kisha humiminwa kwenye maji yenye alkoholi ya polivinili. Kifaa cha mawimbi ya sauti kinapiga kelele kwa muda mfupi, na tabaka mbili zilizokuwa zikikataana zinageuka kitu kimoja cheupe kama tui. Kinaachwa kikikorogwa kwa saa kadhaa mpaka kiyeyushi kiruke. Kilichobaki majini ni chembe ngumu, ambazo huoshwa, huchanganywa na sukari kama trehalosi, kisha hugandishwa na kukaushwa kuwa unga.

Ugumu unaanza hapo. Dawa iliyoshika juu ya ngozi ya chembe haisubiri polima ivunjike. Hutoka kwa mkupuo, pengine siku ile ile ya kwanza. Iliyobaki ndani hutegemea mapishi: uwiano wa nusu kwa nusu huvunjika upesi, na laktiki ikizidi mambo huenda polepole. Halafu kuna ini. Chembe isiyovikwa kitu hunaswa na seli walinzi wa ini na wengu ndani ya dakika chache. Mwaka 1994 Ruxandra Gref na wenzake walionyesha kuwa chembe zilizovikwa koti la poliethilini glaikoli hukaa katika damu muda mrefu zaidi. Koti hilo ndilo lililofanya wazo hili lichukuliwe kwa uzito.

Sasa niseme jambo ambalo wauza matumaini hawapendi kulisikia. Tangu mwaka 1986, Matsumura na Maeda wa Japani walipoeleza kwamba mishipa ya uvimbe huvuja, tumezoea kuchora picha ya chembe zikimiminika kwenye saratani kama maji kwenye mtaro. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya matokeo ya miaka kumi ya majaribio ya wanyama, wakapata kwamba kwa wastani wa kati ni asilimia 0.7 tu ya dozi iliyofika kwenye uvimbe. Mwaka huo huo BIND Therapeutics ya Marekani, iliyokuwa na chembe ya polima ya kubeba dawa ya saratani ya dosetakseli yenye kishikio cha kutambua seli za saratani ya tezi dume, iliomba kinga ya kufilisika, na mali zake zikanunuliwa na Pfizer.

Je, tufunge mafaili? La. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2007 paklitakseli iliyobebwa na viputo vya polima inayovunjika mwilini, bila Cremophor hata tone. Hakuna kishikio wala uchawi wa kulenga shabaha. Gari baya limeondolewa, basi. Na kwa saratani ya tezi dume, chembe kubwa zaidi za polima ya laktiki na glaikoliki, zinazochomwa msulini, zimekuwa zikiachia dawa ya leuprolidi kwa mwezi mzima tangu mwaka 1989. Kwa maoni yangu, faida iliyothibitika ya polima hizi ni ya aina hiyo: kumpunguzia mgonjwa madhara na safari za hospitali. Asiyeridhika nayo amezisikiliza hotuba kuliko wagonjwa.

Kwetu liko pia suala la stoo. Polima inayovunjwa na maji haingoji iingie mwilini. Unyevu wa hewa ukipenya kwenye chupa, kazi inaanza rafuni. Unga uliofungwa vizuri na kuwekwa kwenye baridi hudumu, lakini umeme ukikatika wikiendi nzima katika mji wa pwani, hakuna koti la poliethilini glaikoli litakalousaidia.

Kwa hiyo ndugu zangu mtakaoandika maombi ya fedha za utafiti baada ya semina hii, naomba jedwali la kwanza lisiwe la ukubwa wa chembe. Liwe na mambo matatu: dawa kiasi gani imetoka katika saa 24 za kwanza, kiasi gani kimeishia kwenye ini, na unga umebaki na hali gani baada ya miezi sita katika joto na unyevu wa Dar es Salaam.