Pailoti Beringi: Kipande cha Nne cha Kazi ya Klachi

Mada kwa mafundi wa gereji na wamiliki wa magari, Bagamoyo

Utangulizi

Msimu wa mananasi unapochanganya, magari ya Canter na Hilux hutoka mashambani Kiwangwa yakiwa yamesheheni, yakaishika lami ya Msata–Bagamoyo yenye kilomita 64, yakapita Kerege na Mapinga, kisha yakakutana na foleni kuanzia Bunju hadi Tegeta. Safari hiyo moja ina kila kinachomaliza klachi: kung'oka na mzigo kwenye njia ya mchanga, halafu kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, mpaka sokoni.

Klachi inapokwisha, mwenye gari hununua klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi. Kipande cha nne, kinachoenea kiganjani, husahaulika. Mada hii inatetea jambo moja: gia boksi ikishashushwa, pailoti beringi ikaguliwe kwa mkono, na kwa gari la kazi ibadilishwe hapo hapo. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na klachi nzima, lakini kuifikia upya kunadai kazi ileile ya kushusha propela na gia boksi.

Inakaa wapi, inafanya kazi lini

Shafti inayopokea nguvu ya injini hutoka mbele ya gia boksi, hupita katikati ya klachi pleti, na ncha yake huegemea ndani ya pailoti beringi. Beringi yenyewe imekaa kwenye kitako cha krenki au katikati ya flaiwili. Kazi yake ni kuishika ncha hiyo isiyumbe.

Klachi ikiwa imeshika, krenki na shafti huzunguka pamoja, na beringi haina kazi ya kuzunguka. Dereva akikanyaga pedali huku gia imeingia na gari limesimama, shafti husimama lakini krenki huendelea. Hapo ndipo beringi inapofanya kazi. Injini ikiwa kwenye sailensa ya mizunguko 750 kwa dakika, dereva aliyeng'ang'ania pedali kwa dakika 10 kwenye foleni ameizungusha mara 7,500. Mwenzake aliyeweka frii na kuinua mguu hakuizungusha kabisa.

Si kila gari linayo. Magari mengi madogo yanayovuta kwa magurudumu ya mbele hayana, kwa sababu shafti yao hushikwa na beringi za ndani ya gia boksi. Hilux, Land Cruiser na Canter za gia za mkono zinayo. Land Rover za zamani zina bushi ya shaba badala ya beringi ya gololi.

Mazingira ya pwani huifupishia maisha. Klachi inayoteleza kwenye mchanga wa njia za Makurunge na Saadani hutoa joto kali, na joto hilo hukausha grisi iliyofungiwa ndani ya beringi. Masika, gari likivuka maji kwenye mabonde ya Ruvu, unyevu huingia ndani ya nyumba ya klachi. Maji hayo yakiwa na chumvi, kutu huanza mapema zaidi.

Kuitambua kabla ya kufungua

Beringi tatu hupiga kelele zinazofanana, na pedali ndiyo inayozitenganisha. Injini ikiwa kwenye sailensa na gari liko frii, kelele inayosikika mguu ukiwa juu na kupotea pedali ikikanyagwa hutoka kwenye beringi ya shafti ndani ya gia boksi. Kelele inayoanza pedali inapoguswa tu huelekeza kwenye rilizi. Kelele inayotokea pedali ikiwa chini kabisa na gia imeingia humtuma fundi kwenye pailoti.

Ikikwama, huiburuta shafti: gia zinagoma kuingia na rivasi inakwaruza ingawa klachi ni mpya. Fundi asiyeijua dalili hiyo huanza kulaumu klachi aliyoifunga jana yake.

Gia boksi ikiwa chini, ingiza kidole ndani ya ringi ya ndani uizungushe. Beringi nzima huenda kwa ulaini na haichezi. Iliyokwisha hukwaruza kama iliyomwagiwa mchanga, na mara nyingine huacha unga mwekundu wa kutu pembeni yake. Kagua pia ncha ya shafti: mfereji unaokamata ukucha, au rangi ya buluu ya kuungua, ni ishara kwamba beringi mpya peke yake haitamaliza tatizo.

Kuitoa na kuiweka

Kabla ya yote, vumbi la klachi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Klachi za zamani huweza kuwa na asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu.

Chombo sahihi cha kutolea ni pula yenye kucha zinazokamata nyuma ya beringi. Bushi iliyo kwenye tundu lisilotokea upande wa pili hutolewa kwa kulijaza tundu grisi, kisha kugonga chuma kinachoenea sawasawa ndani yake. Msukumo huileta bushi nje. Kwa beringi ya gololi grisi hupenya kati ya gololi, hivyo gazeti lililoloweshwa hufaa zaidi. Patasi iachwe, maana hukwaruza kiti cha beringi.

Namba iliyogongwa ubavuni isomwe kwa makini. 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje wa 40 na unene wa 12. 6202 ni 15, 35 na 11. Kwa macho zinakaribiana, na anayekosea atarudi Kariakoo, zaidi ya kilomita 60. Alama 2RS ina maana ya sili za mpira pande zote mbili, na kwa vumbi la pwani hiyo inafaa kuliko beringi iliyo wazi.

Beringi mpya igongwe kwa soketi inayokaa kwenye ringi ya nje tu. Ikigongwa ringi ya ndani, gololi huumia kabla gari halijawashwa. Bushi ya shaba yenye vinyweleo ilowekwe kwenye oili ya injini, grisi huviziba.

Mapendekezo

Gereji ziorodheshe pailoti beringi kwenye makadirio ya kila kazi ya klachi, na mteja akabidhiwe ile ya zamani. Gereji jirani zinaweza kuchangia kununua pula moja. Vyuo vya VETA viwape wanafunzi flaiwili chakavu wafanyie mazoezi. Karatasi ya kazi iandikwe namba ya beringi, tarehe na kilomita za gari, ili fundi atakayeishusha tena gia boksi hiyo ajue anachokikuta.