Sukari, Wavu na Mwezi: Mvuvi wa Remba Mwenye Kisukari Apime Saa Ngapi?



Vijitabu vya kisukari humhimiza mgonjwa afanye mazoezi: atembee nusu saa, apande ngazi, aendeshe baiskeli. Kisiwani Remba, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ngazi ziko wapi? Hapa kuna mwamba uliofunikwa na mabati, na kuna wanaume wanaoingia mtumbwini jioni na kuvuta nyavu za omena, yaani dagaa, hadi alfajiri. Wakirudi, akina mama hupokea mzigo, hubeba makarai na kuanika hadi jua likolee. Hawa hawahitaji kuhimizwa watoke jasho. Wanachohitaji ni kujua sukari yao inakwenda wapi wakati jasho linatoka.

Msuli unaofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pasipo insulini nyingi. Aliyejidunga insulini, au aliyemeza vidonge vya glibenklamidi, ana nguvu mbili zinazoshusha sukari kwa wakati mmoja. Daktari R. D. Lawrence wa London, ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1926, insulini ikiwa bado dawa mpya. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake hana hofu kubwa. Sukari yake ni nadra kushuka hivyo.

Kazi ikiisha, kushuka hakujaisha. Misuli huendelea kurudisha akiba iliyotumika, na hali hiyo huweza kudumu saa 24 au zaidi. Kwa mfanyakazi wa mjini anayekimbia jioni, hatari humfuata usiku. Mvuvi wetu humfuata mchana, amelala ndani ya nyumba ya mabati, na majirani wanasema mwacheni apumzike, amekesha.

Kliniki imetuzoeza kupima asubuhi kabla ya kula. Kwa mvuvi wa omena, asubuhi ndiyo jioni yake. Namba anayoipata saa moja asubuhi ni ya mtu aliyetoka kuvuta wavu, si ya mtu aliyeamka. Kwa hiyo, kama ana stripu mbili tu za kupimia sukari kwa usiku mmoja wa kazi, na wengi hawana zaidi, mimi ningemshauri atumie moja kabla ya kupanda mtumbwi na nyingine kabla ya kulala. Ipo hoja ya kuhifadhi moja ya katikati ya ziwa. Lakini huko mkono umelowa, una magamba, na maji huharibu tone la damu. Ziwani, ukianza kutetemeka au kuchanganyikiwa, usitafute mashine. Kula sukari.

Kwa anayetumia insulini au glibenklamidi, mashine ikisoma chini ya 5 (mmol/L) kabla ya safari, ale kwanza, angoje, apime tena. Ikiwa kati ya 5 na 14, aende, akiwa na chakula. Ikipita 14 naye anajisikia vibaya, anatapika au ana kiu isiyokatika, asiende ziwani. Aende kituo cha afya. Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka, popote alipo: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300, ile yenye sukari ya kweli. Dakika 15 baadaye apime tena, kisha ale ugali au chapati. Siku ya kazi, sindano ipigwe tumboni, si kwenye mkono utakaovuta wavu, kwa maana huko insulini huingia damuni haraka. Na namba ikiwa juu kidogo mara tu baada ya kuvuta kwa nguvu nyingi, asikimbilie kuongeza dawa. Mwili ukikazana huachilia sukari, halafu hushuka yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaliona kwenye daftari lolote la kliniki: mwezi. Omena huvuliwa kwa taa, katika giza. Mbalamwezi ikitawala, mvuvi hupumzika. Mtu yuleyule, dawa ileile, chakula kilekile: wiki ya giza sukari inashuka, wiki ya mbalamwezi inapanda. Akienda kliniki mjini Mbita wakati wa mbalamwezi, daktari ataona namba kubwa na kumwongezea dozi, na hiyo dozi atakwenda nayo gizani. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakitaonyesha hilo, kwa sababu huchanganya giza na mwanga. Kila mwaka pia kuna msimu wa kufunga uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai. Mwezi Agosti misuli inarudi kazini ghafla, na dozi ni ya mtu aliyekaa miezi minne.

Pombe nayo nisiipite. Pombe hulizuia ini kutoa sukari, na anayekunywa baada ya kuuza samaki bila kula hujiongezea hatari. Ubaya wake ni kwamba mtu ambaye sukari yake imeshuka hupepesuka na kuropoka kama mlevi. Ufuoni kwetu ataachwa alale palepale. Yeyote anayejulikana kuwa na kisukari akionekana amelewa, apimwe kwanza. Akiwa hawezi kumeza, asimiminiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu, mtumbwi wa injini utafutwe wa kumpeleka kituo cha afya.

Septemba 2023 serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, mashine ya kupima sukari ilikuwamo kwenye mkoba wao. Mashine bila stripu haina kazi, na hilo tuwaulize wakuu wa kaunti bila aibu. La kufanya wenyewe ni dogo: daftari la kila mgonjwa liongezwe safu moja, giza au mbalamwezi, ametoka au hakutoka. Na kila nahodha ajue nani mtumbwini mwake anatumia sindano, na sukari yake imefungwa kwenye mfuko gani.