Hela ya unga itumwe mwezi Juni
Maneno ya kamati ya akina mama, siku ya changizo la mwaka



Tumepangwa baada ya taarifa ya madarasa na kabla ya chakula. Tunajua maana yake: muda ni mfupi na wasikilizaji wana njaa. Si neno, maana habari tuliyo nayo ni ya chakula hichohicho.

Mwaka jana, changizo lilipoisha, kamati yetu ilipewa kazi ya kufuatilia ahadi. Mnaikumbuka siku ile. Kipaza sauti kilizunguka, huyu mifuko kumi ya saruji, yule bati ishirini, makofi yakapigwa. Sisi ndio tuliopita baadaye nyumba kwa nyumba, Kakola, Kahama mjini, Geita, mpaka huku nyumbani. Tuliondoka tumejiandaa kugombana na watu wenye kiburi. Kumbe tulipofika, mama wa nyumba anatukaribisha, anatupa maji ya kunywa, halafu anatutolea daftari la dukani. Sukari robo. Mafuta kipimo kimoja. Sabuni kipande. Unga kilo mbili. Dagaa. Tena sukari robo. Chini kabisa jumla, na jumla ile ilizidi ahadi yenyewe. Nyumba ya pili hivyohivyo. Tukiwa njiani kurudi mwenzetu mmoja akasema, madarasa yetu yote yamelala ndani ya daftari la Mangi. Tulicheka, lakini tulifika nyumbani kimya.

Kwa hiyo mwaka huu hatukuja kuwasomea majina ya wadaiwa. Tumekuja kuongea namna tunavyonunua.

Tuanze na sukari. Hizi bei ni za mfano tu, kila mmoja akiketi aweke za dukani kwake. Tuseme kilo ni shilingi 3,000. Robo inauzwa 800, nusu robo 450. Anayenunua nusu robo kila siku, baada ya siku nane amepata kilo moja, na ametoa 3,600. Mwenye pesa yake amenunua kilo ileile kwa 3,000. Tofauti ni 600. Kwa mwaka zinafika kilo kama 45, yaani shilingi 27,000 zimekwenda, na hiyo ni sukari peke yake. Hesabuni sasa mafuta ya kupima, mche wa sabuni uliokatwa vipande, mkaa wa kopo badala ya gunia, chumvi, majani ya chai. Yule ambaye hana ndiye anayelipa bei kubwa. Hatukuyasoma mahali, tumeyaona kwenye madaftari yenu na ya kwetu pia.

Msituelewe vibaya, hatumsemi Mangi. Yeye anakata, anapima, anafunga, kingine kinamwagika, na mtoto akiugua usiku wa manane ni yeye anayefunguliwa mlango na kukopesha. Duka la jirani tutalihitaji siku zote. Tunachosema ni kwamba mtu asilitumie kama ghala lake.

Kwetu huku kuna jambo lingine ambalo watu wa mikoa mingine hawalijui sana. Pesa yetu haiji kidogokidogo, inakuja kwa kishindo. Inakuja mwisho wa mwezi kwa anayefanya kazi mgodini, inakuja duara linapotoa kwa mchimbaji mdogo, inakuja mpunga unapovunwa. Siku ile kuna nyama, kuna soda, na bei za mji wa machimbo zinajua siku ile. Wiki mbili baadaye tumerudi kwenye nusu robo. Baada ya hapo wengine wanaingia kwenye ile mikopo inayoitwa kausha damu, na jina lake linatosha, hatuna haja ya kueleza. Tumekutana na mama aliyekopa huko ili anunue unga. Hakukopa kwa mtaji wala kwa ada ya shule. Unga.

Vijana wa maduara, tunaongea na ninyi kama wanetu. Hatuwakatazi kuku. Ila siku duara likitoa, kabla ya kuku, nunua gunia la mchele, dumu la mafuta la lita 20 na mche mzima wa sabuni, upeleke nyumbani. Duara likikauka miezi mitatu, mkeo hana haja ya daftari.

Sasa tuje kwenye mizani, na hapa mtuvumilie kidogo, maana ndipo tulipoumia.

Miaka kadhaa nyuma, kundi la akina mama kumi na wanne tuliamua kununua pamoja. Tukachanga, tukatuma mmoja sokoni, akaleta mchele na maharage kwa gunia. Tukagawana kwa sado. Sado mnalijua: kuna lililobonyezwa kitako, kuna la kujaza mlima na kuna la kufuta kwa kiganja. Wa kwanza walipimiwa mlima. Wawili wa mwisho walipata pungufu, na mmoja wao alikuwa mjane ambaye mchango wake aliuokota kwa shida. Yakasemwa maneno pale ambayo hayafai kurudiwa kwenye mkutano. Isitoshe, tulikuwa tumewaruhusu wawili wachukue kwa mkopo, na mmoja wa hao alikuwa kiongozi wetu. Hakulipa, na nani angemdai? Kundi lilikufa. Kwa muda mrefu tuliokuwa tukipishana kisimani tulisalimiana kwa shida.

Tulipoanza upya tulianza na mizani. Tulinunua kabla ya kununua hata kilo moja ya chakula, tukaipeleka ikahakikiwe na Wakala wa Vipimo. Tukakubaliana: pesa kwanza, hakuna mkopo, hata kwa kiongozi, hasa kwa kiongozi. Wanakwenda sokoni wawili na wanarudi na risiti, risiti inasomwa kwa sauti. Mzigo unagawiwa siku ileile chini ya mwembe, mbele ya watu. Na anayepima anachukua wa mwisho. Sheria hiyo ya mwisho aliitoa yule mjane.

Usafiri nao tulijifunza kwa hasara. Tukipanda bodaboda kila mtu na mfuko wake, faida yote inabaki barabarani. Guta moja linabeba mzigo wa watu wote. Na si kila kitu ni cha kununua kwa wingi. Nyanya zilituozea, tukaacha. Mchele, maharage, sukari, chumvi, mafuta, sabuni, dagaa waliokauka vizuri, hivyo ndivyo vinavyosubiri.

Wazee waliokaa safu ya mbele tunawaona wanatabasamu. Wanajua habari ya mizani haikuanza na sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Walichofanya ni kuweka watu wao wa kupima. Kutokana na mambo ya namna hiyo, chini ya Paul Bomani, vikazaliwa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, kikawa chama kikubwa kilichojulikana mbali nje ya nchi hii. Na Uingereza, mwaka 1844, mafundi wa kufuma nguo pale Rochdale walichanga wakafungua kiduka cha siagi, sukari, unga wa ngano na unga wa shayiri. Walichoahidi ni bidhaa isiyochanganywa na vipimo vya haki.

Tunajua pia kinachosemwa chinichini: maduka ya ushirika tuliyaona, yakafa. Ni kweli. Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa kwenye Operesheni Maduka, na mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Wengi wenu mlipanga foleni ya sukari na sabuni mapema miaka ile ya themanini na kurudi na kikapu kitupu. Yale maduka yalikuja kwa amri, na bidhaa hazikuja. Sisi hatuombi duka. Hatutaki rafu, hatutaki karani, hatutaki vitu vya kukaa na kuuzwa. Tunaomba mizani kubwa ya kupimia magunia, na ghala.

Kwa nini ghala? Kwa sababu hasara kubwa kuliko zote haiko dukani. Iko hapa kwetu kati ya Juni na Februari. Tunavuna mahindi na mpunga, tunadaiwa, tunauza haraka. Mnunuzi anakuja na gunia la lumbesa, ambalo ni kosa kisheria, nasi tunalijaza wenyewe na kulishonea kilemba. Februari, mvua inanyesha, vihenge vimebaki na vumbi, tunakwenda kununua chakula kilekile kwa kilo, tena kilo pungufu. Tunapouza gunia limezidi, tunaponunua kilo imepungua. Tunapunjwa mara mbili kwa chakula tulichokilima wenyewe.

Mtasema mahindi hayakai, yanaliwa na dumuzi. Ni kweli pia. Mdudu huyu aliingia kwa jirani zetu wa Tabora zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na wakulima walimpachika jina la Scania, kama yale malori. Tangu hapo watu wanaona afadhali kuuza kuliko kulisha mdudu. Lakini siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Tumeijaribu. Mahindi yawe yamekauka kabisa, ukiuma punje ivunjike kwa mlio. Jaza mfuko wa ndani, bana hewa yote itoke, ufunge peke yake. Funga wa pili peke yake. Halafu wa nje. Mdudu aliyebaki ndani anakosa hewa anakufa, dawa haihitajiki. Weka juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na panya wasiufikie, maana tundu moja la panya linaharibu kazi yote. Usiufungue kwa kuchungulia, funguo ya mfuko huo ni njaa ya Februari. Mpunga wenyewe uuhifadhi kama mpunga, uukoboe kidogokidogo unapohitaji.

Na tusisahau michembe na udaga. Watoto wetu waliokulia mjini wanaona haya kunywa chai kwa matobolwa, wanataka maandazi ya kununua kila asubuhi. Mtu na chaguo lake. Ila hesabu ya maandazi ya watoto watano kwa mwezi ifanyeni mkiwa mmekaa.

Sasa tunakuja kwenu ninyi mlio mbali, kwa sababu kijitabu hiki mtakibeba mpaka huko. Kila Januari na Februari simu zetu zinalia ujumbe wa pesa. Mmetuma hela ya unga kwa baba, kwa mama, kwa bibi. Wabeja sana, mmetuokoa na tunawaombea. Lakini mnatuma mwezi ambao gunia liko juu kuliko miezi yote. Pesa hiyohiyo mkiituma Juni, mzazi ananunua kwa jirani yake aliyevuna, jirani anapata pesa bila kumkimbilia mwenye lumbesa, na chakula hakitoki kijijini. Gunia linapimwa, linaandikwa jina la mzazi wako, linawekwa ghalani. Februari anakwenda kulichukua. Wewe huko Dar es Salaam unalala.

Kuna aliyetuuliza, itakuwaje mzee akiliuza gunia mwezi Agosti kwa sababu ya harusi? Itatokea. Ni gunia lake, hatutamnyang'anya. Tumeweka tu kwamba gunia halitoki kabla ya Desemba bila mwenye jina kuja mwenyewe na mtu mmoja wa nyumbani kwake. Tunaona inatosha kumpa mtu usiku mmoja wa kufikiri.

Hali ilivyo sasa ni hii. Kiwanja kimetolewa na familia iliyo karibu na mashine ya kukoboa. Matofali yamechomwa na wenyeji, mchanga na mawe yamesombwa kwa nguvu za watu wa vitongoji. Kilichobaki ni saruji, mbao, bati, milango ya chuma, chaga, na ile mizani. Orodha yenye bei imebandikwa ukurasa wa mwisho, pamoja na majina ya watunza fedha wa kila tawi. Hatupendi tena ahadi za kwenye kipaza sauti. Anayeweza mfuko mmoja wa saruji leo, autoe leo na achukue risiti, inatufaa kuliko kumi za kutajwa.

Ile mizani yetu ndogo tumeileta, iko pale mlangoni pembeni ya sufuria za pilau. Mchele uliopikwa leo tulinunua pamoja, na risiti imebandikwa ukutani. Anayetaka apite aisome kabla ya kupakua.